Waziri Aliyeotwa

Mume wangu alifanywa waziri Ijumaa moja alasiri, akiwa ametoka msikitini, amevua viatu, anasubiri chai. Redio ilikuwa dirishani. Mimi nilikuwa uani nikisuka tabaga, yale mafuniko ya rangi ambayo sisi wanawake wa Kinubi hufunikia chakula, nikamsikia mtangazaji akitaja jina lake. Kwa amri ya Mkubwa, Bwana Marjan Abudu wa bendi ya polisi ameteuliwa kuwa Waziri wa Sherehe za Taifa, kuanzia sasa hivi. Kisha wakapiga muziki wa dansi.

"Baba Nusura," nikaita, "umesikia?"

"Nimesikia. Huyo ni Marjan mwingine."

"Wa bendi ya polisi?"

Bendi ya polisi ilikuwa na Marjan mmoja, naye alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu akitazama vidole vyake vya miguu.

Miaka ile kila kitu kilitoka redioni. Mtu alisikia redioni kwamba amepandishwa cheo, mwingine kwamba amefukuzwa. Wako waliosikia redioni kwamba wamekimbilia nchi za nje, hali wamekaa kwao wanakula. Hao walijua kinachowajia, wakaacha sahani mezani.

Majirani zetu wa Nateete walikuwa bado wanapiga vigelegele gari jeusi liliposimama mlangoni. Akashuka askari, akamtazama mume wangu kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndio Marjan ya tarumbeta?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi si afande yako tena. Wewe ndio mkubwa yangu sasa. Ingia gari."

Akaingia. Viatu aliviacha, nikamkimbilia navyo, nikamrushia dirishani. Gari likapanda kuelekea Lubaga, likapotea ndani ya vumbi lililopigwa na jua hata likawa kama unga wa dhahabu. Nilibaki njiani, watu wakinishika mikono na kuniita mama mheshimiwa, nami sikuhisi chochote. Nilikuwa kama mtu anayetazama harusi ya wengine kupitia pazia.

Furaha haikuniingia kwa sababu ya Saverio Okeny. Huyu alikuwa Mwacholi, mpiga ngoma kubwa katika bendi ileile, rafiki wa mume wangu tangu ujana wao kwenye depo ya polisi. Mkewe, Acan, alikuwa kwangu kama ndugu. Wiki chache kabla ya haya, bendi ilikuwa uwanjani na Mkubwa alikuwa akihutubia. Alikuwa anaeleza jinsi uchumi wa nchi ulivyopanda. Aliposema, "Na sasa umefika juu kabisa," Okeny akapiga chafya, kirungu kikamtoka mkononi na kuangukia ngoma. Buum! Kisha kimya. Mtu mmoja akacheka, halafu jukwaa zima likacheka, mabalozi na wake zao. Mkubwa mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, na ndiyo maana tulidhani yamekwisha. Jioni ileile wanaume wenye miwani myeusi walimtia Okeny kwenye buti ya gari mbele ya mkewe.

Tangu hapo Acan alikuja kwangu kila asubuhi. Halii. Anakaa, ananichambulia ukindu, na baada ya muda anauliza, "Mama Nusura, umesikia kitu?" Ninamwambia bado. Anaendelea kuchambua.

Mume wangu alirudi kesho yake akiwa na suti isiyo yake. Nikamuuliza kazi yenyewe ni ipi.

"Sijui. Kuna meza. Kuna kiti kinachozunguka."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilizunguka."

Aliogopa kula chakula cha kule, kwa hiyo nikawa nampelekea cha mchana mwenyewe. Dereva ananichukua, nami nakaa nyuma na kapu langu la kisra, mikate yetu myembamba, na mchuzi, bendera inapepea mbele, na polisi njiani wananipigia saluti. Wizara ilikuwa katika jumba jeupe juu ya kilima. Makorongo wakubwa walisimama juu ya paa, vichwa wameviinamisha, kama wazee wanaosubiri kuitwa ndani. Korido zilikuwa ndefu na tupu. Katikati ya mchana ulisikia mlango ukijifunga mahali fulani, na mtu hatokei.

Katibu muhtasi alikuwa Bi Rehemah, mama mpole aliyezungumza kwa sauti ya chini kama aliye karibu na mtoto aliyelala. Nyuma ya kiti cha mume wangu palikuwa na koti la kijivu limetundikwa, na juu ya meza kikombe cha chai iliyokauka.

"Hivi ni vya nani?" nikamuuliza.

"Vya mheshimiwa aliyepita. Alitoka kupunga hewa kidogo. Tumeambiwa tusiondoe kitu."

"Alitoka lini?"

"Wakati wa mvua zile za kwanza," akasema, akanipangusia kiti nikae.

Kazi ilikuja polepole, na ilikuwa kazi ya ajabu. Ilitakiwa iandaliwe Sikukuu ya Neema, watu waone jinsi nchi ilivyoshiba. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimesimama, sukari haikuonekana hata ya dawa, basi ofisa mmoja akashauri magunia yajazwe mchanga wa ziwani na yapite mbele ya jukwaa juu ya malori. Akaja mwingine kulalamika kwamba mchanga ni mzito kuliko sukari, malori hayatapanda mlima. Wakabishana hadi saa ya chakula kama waliokuwa na sukari ya kweli mikononi. Mume wangu aliwasikiliza, akaidhinisha maganda ya kahawa. Wote wawili wakaandika maneno yake na kumsifu kwa hekima.

"Mama Nusura," aliniambia siku hiyo, "nasubiri mtu aniamshe."

Bi Rehemah ndiye aliyetueleza uwaziri ulikotoka. Tulikuwa watatu tu ofisini, naye akafunga dirisha kwanza.

"Mkubwa aliota," akasema. "Aliona mtu amesimama juu ya kilima, amevaa nguo nyeupe za bendi, anapiga tarumbeta, na ng'ombe wote wa nchi wanamfuata. Alipoamka akasema atafutwe. Mwenye tarumbeta katika bendi ni wewe."

"Wapo wengine wenye tarumbeta," mume wangu akasema.

"Walikuwa likizoni."

Mume wangu akacheka kidogo, kisha akaacha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri. Nilifikiri njia nzima ya kurudi Nateete, ukungu mwepesi ukiwa umelala juu ya bonde na kengele za kanisa la Lubaga zikilia ndani yake. Tulipofika nilimkuta Acan uani, ukindu mapajani.

"Umesikia kitu?" akaniuliza.

Kwa mara ya kwanza sikumwambia "bado". Nilimwingiza mume wangu chumbani, nikamwambia, "Baba Nusura, tarumbeta peke yake huongoza watu?"

"Mtu hawezi kutembea kwa tarumbeta tupu. Inataka ngoma."

"Basi katika ndoto ile palikuwa na ngoma."

Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Kaltumi, ile ndoto ni ya mtu. Na kama anaikumbuka?"

"Nani anakumbuka ndoto yake yote? Wewe unakumbuka?"

Alitoka nje, akakaa karibu na Acan, akaanza naye kuchambua ukindu, waziri mzima na suti yake.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Kansanga. Palikuwa na nyumba kule, mbali kidogo na maduka na baa, nyumba nzuri yenye bustani ya maua, isiyo na kibao. Kila mtu alijua kwamba ndiko walikopelekwa waliotiwa kwenye buti, na hakuna aliyepita mbele yake kwa miguu. Mimi niliachwa barazani na kapu langu, dirisha la ofisi likiwa wazi mgongoni mwangu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mheshimiwa," meja wa pale alisema, "jina hilo halipo hapa."

"Ndoto inasema yupo."

"Ndoto gani?"

"Ya Mkubwa. Meja hujaelezwa?" Sauti ya mume wangu ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayezungumza usingizini. "Mimi nilionekana na tarumbeta, na nyuma yangu mtu mrefu na ngoma. Ng'ombe walikuwa wanafuata ngoma. Mimi nimeshatafutwa nikapatikana. Mwenye ngoma bado. Mkubwa akiuliza aliko, nimwambie amekwama kwa nani?"

Nyuki walikuwa wanazunguka maua ya bustani.

"Labda nimpigie simu Mkubwa nihakikishe," meja akasema.

"Piga. Muulize kama aliota vizuri."

Nilifumba macho. Niliusikia mkono wa meja ukigusa simu, ile ting ndogo ya chuma. Nilingoja aanze kuzungusha namba. Hakuzungusha. Yeye naye alikuwa na mke na watoto, na alikuwa na redio nyumbani kwake.

Okeny alitolewa kupitia mlango wa nyuma, amekonda, hana viatu, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua. Alipita karibu nami asinijue. Mume wangu alimfungulia mlango wa gari, akamkalisha kwenye kiti cha waziri, na hatukusema neno mpaka tulipoziacha nyumba za Kansanga nyuma. Ndipo Okeny akauliza, polepole sana, "Marjan, nimekufa?"

"Hapana, ndugu yangu. Umeotwa."

Tulipita wizarani. Mume wangu alipanda juu akashuka na lile koti la kijivu. Bi Rehemah alimwona, akageuza kichwa akatazama makorongo. Nilimvisha Okeny koti lile, lilimkaa vizuri, Mungu amsamehe mwenyewe popote alipo. Nateete Acan alipomwona alisimama, ukindu ukamwagika, akamshika uso kwa mikono miwili bila sauti. Hapakuwa na muda wa zaidi. Nikawatia wote wawili garini na kapu la kisra, na dereva, ambaye mume wangu alimwambia kwamba mheshimiwa huyu anakwenda kazini Tororo, akawaendesha mashariki. Vizuizi vyote vya barabarani vilikuwa na askari, na kila kizuizi kilipiga saluti kwa bendera na lile koti. Kutoka Tororo walivuka wenyewe kwa miguu, kupitia mashamba ya mtama, wakaingia Kenya.

Sisi tukakaa tukingoja kuchukuliwa. Nilimpeleka binti yetu Nusura kwa dada yangu Bombo, nikafua nguo zote za nyumba, sijui kwa nini. Jioni moja redio ikamtaja Okeny, nikaangusha sufuria.

Hayakuwa tuliyoyaogopa. Inaonekana meja, kwa kujilinda, alituma taarifa kwamba mpiga ngoma wa ndoto amekabidhiwa. Mkubwa aliisoma, na mbele ya watu wake hakutaka kusema kwamba hakumbuki ndoto yake mwenyewe. Akasema ndiyo, ngoma ilikuwapo, na aliisikia kabla ya tarumbeta. Basi kwa amri yake, Bwana Saverio Okeny ameteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Sherehe za Taifa.

Wizarani wakaleta meza ya pili. Wakaleta kiti. Walipouliza naibu yuko wapi, mume wangu akawaambia yuko katika ziara ya kikazi nchi za nje. Wakaridhika. Kila asubuhi mhudumu alimpelekea naibu chai ya rangi, na kila alasiri aliiondoa imepoa. Magazeti yakaandika kwamba naibu anajifunza sherehe za nchi rafiki. Kwenye Sikukuu ya Neema kiti chake kiliwekwa jukwaani, nami nilikaa nyuma yake. Malori yalipita na magunia ya maganda ya kahawa, watu wenye njaa wakapiga makofi, na upepo ulipofumua gunia moja maganda yakaruka juu ya uwanja, mepesi, yakituangukia mabegani bila mtu kujipangusa.

Mume wangu alifutwa kazi kwa njia ileile, siku moja tukiwa tunakula. Mkubwa alikuwa ameota tena, safari hii mtu anayeogelea. Redio ikamtaja waziri mpya, mlinzi wa bwawa la hoteli. Marjan alisikiliza mpaka mwisho, akisubiri kama watasema kwamba amekimbilia nchi za nje. Hawakusema. Naibu hawakumtaja kabisa, na mpaka serikali ile ilipoanguka sikusikia amefutwa.

"Tuondoke hivyo hivyo," nikamwambia, "kabla hawajakumbuka."

Tuliacha suti juu ya kitanda, tukaenda Bombo kwa dada yangu. Habari za Okeny alituletea dereva mmoja wa malori ya chumvi. Alisema yuko Eldoret, ana kazi ya kubeba mbao, na hawezi kusimama karibu na kitu kinachogongwa. Acan amejifungua mtoto wa kike. Nililia siku hiyo, mimi ambaye sikuwa nimelia muda wote ule.

Marjan alilima muhogo. Asubuhi ukungu wa Bombo ulikuwa mzito, alitoka na jembe akaingia ndani yake, nikawa nasikia jembe bila kumwona. Watu wa kule walimwita Waziri, kwa utani, naye aliitika kwa adabu kila mara, akasimama kuwasalimu. Mimi nilimwita Baba Nusura, chakula kikiwa tayari, nikaita mara ya pili, mpaka nilipomwona anatoka kwenye mihogo, miguu imelowa umande, anakuja kula.