Mabomba Mawili kwa Nyumba Moja

Mama Émerance alifika Lubumbashi kutoka Mitwaba, jicho moja limeshaziba na la pili likielekea huko huko, na neno lake la kwanza halikuwa salamu. Aliuliza bafu liko wapi. Binti yake Régine akampeleka kwa mkono: bafu zuri, ndani ya nyumba, vigae vyeupe mpaka kiunoni, fahari ya mume wake. Mama akapapasa vigae, akauliza nani huoga mle.

"Sisi bote, Mama. Miye, batoto, na Papa Plamedi."

"Na Papa Plamedi," Mama akarudia, akaanza kufunga upya fundo la mzigo wake.

Papa Plamedi mwenyewe, yaani Pierre, alikuwa nyuma ya nyumba, uso kwenye ukuta wa uzio. Kwao Régine, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawali pamoja, hawasemezani ila kwa kupitia mtu, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini, hata kama majani yenyewe ni upupu. Sasa mtu usiyeweza kumtazama usoni, utaogaje pale alipovua nguo asubuhi? Mama hakuwa na ugomvi. Alisema tu kwamba hatakanyaga maji ya mkwe, na kama hakuna pengine pa kuoga, atarudi kwake na jicho lake.

Na kurudi ilikuwa ni kupofuka. Daktari wa macho alikuwa mgeni, akifika mjini mara moja kwa mwaka na kuondoka. Alishampangia Mama kupasuliwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, akasema wazi kwamba jicho la pili halitangoja mwaka mwingine. Baada ya hapo ilibidi akae kwa binti yake, atiwe dawa, aoge kwa uangalifu.

"Papa Plamedi," Régine akamwambia mumewe jioni ile, "Mama akikuwa kipofu juu ya douche, sababu ya bafu tu, mi sitakuambia kitu. Nitakuangalia tu."

Pierre aliijua ile "kuangalia tu". Alikuwa fundi wa friji hapo mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, mtu mpole, mwoga wa vitu viwili: umeme unaorudi ghafla na macho ya watu. Kulipokucha akamwita Dédé, fundi mwashi.

Wazo lilikuwa zuri. Wangegawa bafu katikati kwa ukuta, watoboe mlango wa pili upande wa uani, nusu ya Mama, nusu ya wengine. Mama alikubali kupitia Régine, kisha akauliza maji yatakwenda wapi. Dédé akamweleza kwamba yote yataingia bomba moja mpaka shimoni.

"Itakutana?"

"Itakutana, Mama, lakini chini ya udongo. Hakuna mutu ataiona."

"Mungu ataiona," Mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi likaja bomba la pili, bomba la pili likadai shimo la pili, na shimo likadai mchanga. Na ukimwaga mchanga mbele ya lango lako katika mji huu, ni kama umewapigia kengele watu wa urbanisme, wakaguzi wa ujenzi. Ukuta wa Dédé ulikuwa haujapita mabega pale alipobisha hodi mwanamume mmoja mwenye shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni. Jina lake Adalbert.

"Autorisation ya kujenga iko wapi?" akauliza, yaani kibali.

"Chef, hatujenge," Pierre akasema. "Tunagawa tu douche."

"Kugawa njo kujenga. Ukuta mupya, mulango mupya, shimo mupya. Inaomba autorisation."

Pierre hakuwa mgeni wa dunia. Alikuwa na bahasha ndogo mfukoni tangu asubuhi, akaitoa kwa adabu. Adalbert akaiangalia kama mtu aliyeonyeshwa mende, akachukua rangi nyekundu na kuchora msalaba mkubwa juu ya vigae, alama ya kusimamisha kazi. Kumbe Pierre alikuwa amejiandaa kwa mtu anayekula, akapelekewa asiyekula. Dawa ya mtu wa namna hiyo haijapatikana.

Kesho yake Pierre akawa ofisini, mbele ya meza ya Adalbert, na mchoro ambao Dédé alikuwa ameuchora juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Adalbert aliugeuza huku na huku.

"Nyumba moja, douche moja, lakini bomba mbili. Juu ya nini, sababu gani?"

Kusema ukweli kungekuwa kumtaja mama mkwe mbele ya watu, tena pamoja na bafu. Pierre aliona afadhali afe.

"Ni technique, Chef."

"Technique gani?"

"Ya... pression ya maji."

Adalbert akaondoa miwani yake. "Monsieur, mi nasainiaka kitu macho yangu yenyewe imeona. Nitakuya mardi. Nikiona iko sawa, nasaini. Nisipoona, hakuna." Jumanne ilikuwa siku mbili kabla ya upasuaji, na Mama alikuwa ameshatuma mtu kuuliza basi la Mitwaba linaondoka saa ngapi.

Jumanne ikafika. Mama alikuwa ameshaimiliki nusu yake ya bafu. Mlango ulikuwa bado kitenge kilichotundikwa, naye alikuwa ndani na ndoo yake, akijipangusa kwa kitambaa na kusubiri dunia iamue. Pierre alikuwa pale pale kwenye uzio. Adalbert akaingia uani, akakunjua utepe wa kupimia, akashika kitenge.

"Nani?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Ni miye Adalbert, Mama, wa urbanisme. Vaa, nitapima tu."

"Adalbert wa kwa nani?"

Mtu wa mjini angejibu kwamba swali hilo halimo katika kanuni. Lakini Adalbert alikuwa amelelewa. "Bibi yangu, mwenye nilioa, iko wa kwenu ya kaskazini, Mama. Sephora, mutoto ya Mama Lombe."

Ndani Mama akaacha kujipangusa. Maji yalidondoka kutoka kitambaa.

"Lombe wa Mitwaba njo mukubwa yangu," Mama akasema. "Tumbo moja."

Adalbert aliachia kitenge kana kwamba kimeshika moto. Dada wa mama mkwe ni mama mkwe, hakuna wa kubisha. Akageuka, akavuka uani kwa hatua ndefu, akasimama kando ya Pierre, pua kwenye matofali.

"Weye pia?" Pierre akanong'ona.

"Mi pia."

"Sasa utasaini?"

"Mi nasainiaka kitu macho yangu imeona."

"Basi geuka, uone."

"Geuka weye."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Adalbert akaanza ukaguzi akiwa ameupa kisogo ujenzi wenyewe. Aliuliza matofali, Régine akachukua swali, akalipeleka kwenye kitenge, Mama akajibu, na jibu likarudi kwa njia ile ile.

"Uulize ukuta iko juu namna gani."

"Mama anasema inafika ku bega yake."

"Na bega yake inafika wapi?"

Swali hilo Régine alikataa kulipeleka. Adalbert akatokwa na jasho, akampa simu yake apige picha. Régine akapiga nyingi, akazileta, lakini Mama alikuwa amekataa kusogea. Katika kila picha alikuwemo yeye: mgongo, kiwiko, kilemba. Adalbert alirudisha simu akiwa amefumba macho, akaomba zifutwe.

Alipotulia, akamgeukia Pierre kidogo, sikio tu. "Sasa nimefahamu ile pression yako. Ni juu yake njo bomba mbili?"

"Njo vile."

"Lakini weye haukutoaka haya, ile aibu ya bakwe? Kuku moja na kitenge. Unaleta, Mama anapokea, inaisha. Munasalimiana, munakula, kila mutu anaoga ku saa yake. Mi nilitoa kwa Mama Lombe mwaka ya kwanza. Huyu sikumujua tu. Weye umeoa lini?"

Pierre akakwangua matofali kwa kucha. Plamedi, mtoto wake wa kwanza, alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu.

"Juu ya nini haukutoa?"

Labda ni kwa sababu matofali hayana macho. Pierre alijikuta anayaambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mke wake. "Wakati ya mahari nilikuwa mutu wa reli. Njo banaume bote ya kwetu, papa, nkambo mwenye alizala papa, bote ya reli. Nilivaa na kofia. Ndoa haijakauka, kazi ikaisha. Nikawaza, akiniangalia muzuri siku moja, atauliza ule mutu wa reli iko wapi." Akaegemeza paji la uso kwenye tofali. "Niliona haya njo inanichunga."

Régine alikuwa amesimama katikati, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ujumbe wa kupeleka. Lakini Mama Émerance alikosa macho tu. Masikio alikuwa nayo yote mawili.

Pierre akaondoka bila kuaga. Alirudi kutoka sokoni na kuku mwekundu kwapani na kitenge kipya, akavipitisha chini ya pazia kwa mkono wa Régine. Adalbert alikaa kama shahidi, bado akiangalia uzio. Mama akampapasa kuku kifua, akampima uzito, akaridhika naye.

"Régine, mwambie mukwe wangu kuku nimepokea, na mu douche yake nitaoga. Lakini haya yenyewe haitoke leo. Siwezi kutoa haya na mutu mwenye sioni. Anifuate kwa munganga ya macho."

Bomba la pili likawa halina kazi tena. Dédé akachukua nyundo ili avunje ukuta, ndipo sauti ikatoka kwenye uzio: "Kubomoa pia inaomba autorisation."

Ijumaa, mtu wa kwanza kufunguliwa bendeji alikuwa Mama Émerance. Walimkalisha kwenye benchi la ukumbi wa hospitali. Pierre alikuwa amevaa koti la harusi, ambalo halikufungika tena tumboni, na mazoea yalikuwa yameshamgeuza kuelekea ukutani. Régine akamshika mabega, akamgeuza.

Mama alianza na viatu. Akapanda polepole, magoti, lile koti, mikono yenye makovu ya kuchomelea mabomba ya friji, hata akafika usoni, akakaa hapo. Pierre akavuta koti lifiche tumbo.

"Njo huyu?" Mama akamwuliza binti yake.

"Njo huyu, Mama."

"Reli nilijua zamani ilikwisha," Mama akasema, na safari hii alikuwa akimwambia Pierre mwenyewe. "Mi nilikuwa nangoja tu kuku."

Akasogea pembeni, akapiga benchi kwa kiganja.

"Ikala, mwana. Ulisimama sana."