Mguu Ulio Chini ya Pedeli

Nkwabi hakuwa na baba tangu utoto. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na kwa Msukuma wa siku zile hilo lilikuwa sawa na kukosa kauli mbele za watu. Kwa kuwa hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mke. Hakuwa na cheti cha shule, wala saa, wala baiskeli. Hata sauti hakuwa nayo. Alisema chini chini, hata pale alipokuwa na haki. Alichokuwa nacho ni leseni ya udereva aliyoipata Mwanza mwaka 1953. Aliiweka ndani ya kopo la sigara, na siku za Jumapili niliwahi kumwona akilifungua, akaitazama, akalifunga tena.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa mgodi ule ule, mgodi mdogo wa dhahabu wa Mwabusiga, upande wa Geita. Tulikaa benchi moja katika shule ya jioni ya Mwalimu Herman, mahali ambapo watu wazima wenye mikono ya sululu walijifunza kushika kalamu. Nilikuwa nimemtangulia kwa kitabu kimoja, na sikumpa nafasi ya kusahau.

Pikapu ya mgodi, gari la kijivu lenye mlango mmoja uliofungwa kwa waya, iliendeshwa miaka minne na Donatus. Nkwabi alikuwa utingo wake. Masika moja Donatus alikufa kwa kichomi, akamwacha mama yake, Bernadina, mjane aliyekaa peke yake nyuma ya mgodi na kukamua mafuta ya nyonyo. Wiki mbili baada ya maziko, meneja alimpa Nkwabi funguo.

Miezi miwili alikwenda vizuri. Kisha gari likaanza kunyata.

Mara ya kwanza ilikuwa getini, saa sita mchana, jua limesimama juu ya vichwa. Mlinzi wetu, Zamoyoni, mtu wa Kigoma mwenye maneno mengi, aliinua mkono kulisimamisha gari kama desturi. Nkwabi alikuwa akija polepole, mwendo wa mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Gari halikusimama. Lilikuja bila kelele na bila vumbi, kwa mwendo ule ule wa taratibu, likaegemea boriti ya geti mpaka boriti ikalia na kukatika. Zamoyoni alimuuliza Nkwabi kama Wasukuma huwa wanalala macho wazi. Watu wakacheka. Nkwabi hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma ya usukani, mikono yote miwili juu, akitazama miguu yake.

Mara ya pili lilimpeleka kwenye makaburi ya wafanyakazi, njia ya kwenda kisimani. Alikuwa amepunguza mwendo kupisha mbuzi. Mbuzi walipita, gari likaendelea, likaiacha njia kwa utulivu, likaingia katikati ya misalaba ya miti na kusimama lenyewe kwenye udongo mwororo. Alipoteremka akaona bampa limegusa kaburi la Donatus. Halikuangusha msalaba. Liliugusa tu.

Siku hiyo alikuja stoo.

"Nilikanyaga," aliniambia. "Wallahi sikuchelewa. Lakini pedeli ilishuka taratibu, ikaenda, ikaenda mpaka chini. Kama kuna mguu mwingine chini yake unaupokea wangu."

Nilimuuliza kwa nini hili halimpati barabara kuu, anapokwenda mbio kuipeleka barua ya meneja. Akasema huko gari linasimama vizuri, hata tairi zinalia. Ni pale tu anapokwenda polepole, karibu na watu.

Jambo hilo lilinisisimua mwili, ingawa nilijifanya msomi. Gari linalokataa kusimama likiwa mbio ni gari bovu. Lakini gari linalosubiri mpaka utulie, mpaka uwe karibu na watu, ndipo likushushe mguu wako, hilo ni kitu kingine.

Basi watu wakaanza kuulizana. Na hapa ndipo Nkwabi alipofanya kosa ambalo hakulijua. Katika hofu yake, siku moja jikoni kwa wachimbaji, alisema kwamba Donatus alikuwa na chupa ya mafuta ya mama yake ndani ya gari, na kwamba mara kwa mara aliyamimina mahali fulani mbele, chini ya boneti. Hakusema zaidi. Hakukuwa na haja. Kufikia jioni kila mtu Mwabusiga alijua kwamba Bernadina aliweka dawa ndani ya gari; kwamba mwanawe hakufa bali alifichwa; kwamba amemfunga humo aendelee kufanya kazi, na mguu wake ndio unaoitawala breki.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa ya posho. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wa ghala kupokea unga na maharage, kila mtu na mfuko wake. Gari lilikuja limebeba magunia, polepole kabisa, hata mtoto angeweza kulitangulia. Watu walilitazama likija. Ndilo jambo walilolisimulia baadaye kwa miaka: kwamba walikuwa na nafasi ya kuondoka, lakini hakuna aliyeamini kwamba kitu cha taratibu namna ile hakitasimama. Dakika ya mwisho wote waliruka pembeni isipokuwa Selestine, mchimbaji kutoka Buha, aliyekuwa ameinama kuokota mfuko wake. Gari lilimbana mguu ukutani, likatulia. Hakupiga kelele mwanzoni. Alisema tu, kwa adabu, "Dereva, rudi nyuma kidogo."

Mguu ulivunjika mara mbili. Alipelekwa Mwanza.

Alikuja fundi wa Kizungu kutoka huko huko Mwanza kuikagua pikapu. Mimi nilishika daftari, nikaona yote. Alipanda, akaliendesha kwa kasi hadi mwisho wa uwanja, akakanyaga breki kwa nguvu. Gari likasimama likachimba mifereji miwili ardhini. Akarudia mara tatu. Akaandika: breki nzima. Maana yake ilikuwa moja kati ya mbili. Ama Nkwabi ni mzembe na mwongo, na leseni yake itachukuliwa na yeye atafungwa. Ama watu wanasema kweli.

Watu walikwisha kuchagua. Asubuhi moja Bernadina aliamka akakuta nyasi za paa lake, upande wa jiko, zimeungua kipande cha ukubwa wa ungo. Hakuna jirani aliyeona moto. Wiki hiyo hiyo ilisemwa kwamba mganga ameitwa kutoka Ushetu, atafika Jumamosi ya pili, awanuse wote na kumtaja aliyeliloga gari. Sote tulijua atamtaja nani. Tulijua pia yaliyowapata wanawake waliotajwa mahali pengine.

Nkwabi hakuwa na kazi siku hizo. Alikuwa akingoja kuitwa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliyekaa Geita. Mchana mmoja, watu wakiwa shimoni, aliingia ndani ya gari lililoegeshwa nyuma ya stoo. Nilimwona kupitia dirisha. Aliuweka mguu juu ya pedeli na kuubonyeza kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto. Uso wake ukabadilika. Akaruka nje, akaondoka bila kufunga mlango.

Kesho yake alirudi. Akaniita.

Alikanyaga kwa nguvu: pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Akaachia. Akakanyaga taratibu: ikazama mpaka chini, bila sauti. Akakanyaga kwa nguvu tena: jiwe. Taratibu: ikazama.

"Donatus hakuwa hivi," akasema. "Ukimkosea alikuwa anakasirika hapo hapo. Hakuwa mtu wa kuchagua."

Tukafungua masta silinda, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu. Ndani mna raba ndogo yenye umbo la kikombe, inayozuia mafuta yasirudi nyuma. Raba ile ilikuwa imevimba na kulainika, mdomo wake umelegea kama mdomo wa mzee aliyelala. Nkwabi aliibonyeza kwa kidole. Ukiisukuma kwa nguvu, mdomo unatanuka na kuziba. Ukiisukuma taratibu, mafuta yanapita pembeni yake, yanarudi yalikotoka, na mguu wako unayafuata.

Kilichobaki ni kujua kwa nini imevimba. Nami nilijua kabla hajasema, kwa sababu tulitazamana.

Gari lile lilivuja mafuta ya breki kidogo kidogo miaka yote, na mafuta yenyewe ya breki yalikuwa hayaonekani huku kwetu. Donatus alimimina ya mama yake, ya nyonyo, aliyoyachuja mara mbili kwa kitambaa na kuyachanganya na spiriti. Alipokufa, chupa ilibaki na mafuta ya wiki chache. Ilipokwisha, Nkwabi aliona aibu kwenda kuomba. Kwetu huendi kwenye nyumba ya msiba kudai kilichokuwa cha marehemu, hasa wewe uliyerithi kiti chake. Basi alikuja stoo. Nami nilimpa kopo la mafuta ya injini, jipya, lenye kizibo cha risasi, lililotoka Ulaya kwa meli. Nakumbuka nilivyomwambia: haya ndiyo mafuta, si yale ya kibuyu cha bibi kizee.

Nkwabi hakutaka kubahatisha. Alikwenda kwa Bernadina, mara ya kwanza tangu maziko. Nilimsindikiza. Mama yule alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, amelipa mgongo paa lililoungua, akipepeta nyonyo.

"Mwangaluka, mayu," Nkwabi alimsalimu mama yule kwa Kisukuma, amepiga goti.

Aliitikia, kisha akamtazama kutoka juu hadi chini. "Ulikuwa unapita hapa kila siku umegeuza shingo upande wa pili," akasema. "Nikadhani umeoa kwangu, unamkwepa mkweo."

Nkwabi akamwomba mafuta kidogo. Akapewa chupa nzima, wala hakuulizwa ya nini. Stooni tulikuwa na raba mbili za zamani, za aina moja. Moja tuliitia katika kikombe cha mafuta ya mama, nyingine katika kikombe cha mafuta yangu ya Ulaya. Kila asubuhi tulizipima kwa uzi. Siku ya sita ya mama ilikuwa kama ilivyoingia. Ya kwangu ilikuwa imenenepa, na ukiibonyeza iliacha alama ya ukucha.

Ilikuwa Jumatano. Mganga alikuwa wa Jumamosi.

Nkwabi alikwenda na vikombe vyake viwili jikoni kwa wachimbaji, akawaeleza kwa sauti yake ile ya chini. Walimsikiliza wakila. Zamoyoni, ambaye hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyemjibu kwa niaba ya wote. "Ndugu yangu, juzi juzi hapa ulituambia ni mafuta ya mama yule. Leo umetoka nyumbani kwake na chupa mkononi, unatuambia si mafuta ya mama yule. Hebu jisikilize." Mtu mwingine akasema Mzungu wa Mwanza amepima, na breki ni nzima. Wakaendelea kula. Mmoja akakisogeza kikombe cha nyonyo mbali na sahani yake kwa ncha ya kisu.

Hapo ndipo alipokuja kwangu kuomba karatasi. Lori la posta lilipita Mwabusiga kila Alhamisi saa nne, na jioni ya siku hiyo barua huwa Geita. Bwana Shauri alikuwa na askari, na sheria haikuruhusu mganga kumtaja mtu kuwa mchawi. Nilijitolea kumwandikia, maana mwandiko wangu ulikuwa bora. Alikataa. Alikaa juu ya sanduku la misumari, akaandika tangu alfajiri ya Alhamisi hadi jua likapanda, akifuta na kuandika upya, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Alipomaliza alinipa nisome. Aliandika juu ya raba na juu ya mwendo wa taratibu, akamwomba Bwana Shauri amtume fundi akanyage polepole, si kwa nguvu. Aliandika juu ya Bernadina na Jumamosi. Kisha aliandika hivi: *Mafuta mabaya niliyatia mimi kwa mkono wangu, tarehe nne mwezi wa sita, na maneno mabaya juu ya mama huyu niliyaanzisha mimi kwa mdomo wangu. Leseni yangu nimeiweka ndani ya bahasha hii.*

Nilimwambia barua ingetosha bila mstari huo. Raba inajieleza yenyewe. Mama ataokoka na yeye pia ataokoka. Nilimwambia kwamba dereva asiye na leseni anarudi kushika sululu, na kwamba Selestine hatapata mguu mpya kwa sababu ya mstari mmoja.

"Nikiufuta," akasema, "watauliza nani aliyatia, na wao wanaye mtu tayari."

Nilitazama jina langu lilipopaswa kuwa, na halikuwepo. Alikuwa ameandika kwamba alipata kopo, hakuandika kwa nani.

Nikaichukua kalamu. Chini ya sahihi yake nikaongeza, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mtunza stoo wa mgodi ndiye aliyempa mafuta yale na kuyasifu, nikaandika jina langu kamili. Nkwabi alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Akaikunja karatasi mara tatu, akaiingiza ndani ya bahasha pamoja na leseni yake.

Hatukuwa na gundi. Alichukua chembe ya ugali uliobaki wa jana, akaisaga kwa mate kati ya vidole, akaipaka ukingoni na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Lori lilikuwa limekwisha piga honi getini. Alitembea, hakukimbia, akamkabidhi dereva bahasha mkononi, na dereva akaitupa ndani ya mfuko pamoja na nyingine, akaondoka.