Homa Baada ya Dripu

Daktari wa Mwanza alikuwa amemwonya Emiliana zaidi ya mara moja: "Mama, binti yako akipata homa, msisubiri. Dawa hizi zinapiga uvimbe, lakini zinashusha na kinga ya mwili."

Uvimbe ulikuwa kwapani mwa binti yake Peniel, msusi wa pale Shelui. Ulikuwa wa aina adimu, umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo haukukatika. Madaktari wakaamua kumpa dripu za dawa ya saratani na mionzi kwa pamoja. Peniel alilia. "Kama hawakati, mama, basi wamenikatia tamaa."

Mionzi ilipokwisha, wakarudi nyumbani kungoja dripu ya mwisho. Asubuhi moja Emiliana alimkuta binti yake anatetemeka chini ya blanketi, mwili unawaka moto.

"Malaria hiyo, shemeji," alisema Yeremia, mdogo wa marehemu mumewe. "Mpe vidonge, jioni atakuwa mzima."

"Niache nilale, mama," Peniel akanong'ona. "Nimechoka na hospitali."

Emiliana alitamani sana kuwaamini. Moyo ukamkatalia. Akatoka mbio hadi yanapoegeshwa malori, akamkuta dereva mmoja, Shamte, anakunywa chai, akamwambia ana binti mgonjwa.

"Binti yako anaumwa nini?"

"Sijui, baba. Ndiyo maana nakuomba unipeleke Singida."

Shamte akaiacha chai.

Kwenye mlima wa Sekenke lori lilipanda kwa kujikongoja. Emiliana alimsemesha Peniel mfululizo: habari za wateja, za harusi ya jirani yao Dorkas, chochote. Peniel akawa anaitikia kwa kuguna, kisha akanyamaza. Emiliana akaweka sikio kifuani kwake, lakini ngurumo ya injini ilimeza kila kitu.

Singida walimpokea wakamkimbiza ndani. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka mno, na maambukizi yameshaingia kwenye damu. "Mngengoja hadi jioni," nesi alisema, asimalizie.

Siku zilipita kabla Peniel hajaweza kukaa kitandani. Alipopata nguvu, wakarudi Mwanza kumalizia dripu, kisha akapigwa picha.

"Uvimbe umesinyaa, na haukui," daktari alisema. "Siwezi kusema umepona. Tutaendelea kuuangalia."

Nje, Peniel alisema anataka sato wa kukaanga. Alikuwa hajaomba chakula tangu matibabu yaanze. Emiliana akamnunulia mkubwa, akakaa anamtazama akila, wa kwake akipoa sahanini.