Globu za Mkono wa Kulia

"Hivi Mama Amira, hilo gari lako linakula globu, au kuna mtu anazila?"

Chausiku aliuliza hivyo asubuhi moja huku anageuza vitumbua, macho yapo kwenye kikaango, kama mtu anayeulizia habari za mvua. Walikuwa majirani wa ukuta mmoja hapo Katoro. Mama Amira alikuwa amesimama na kisahani mkononi. Alichukua vitumbua vyake akarudi ndani, lakini swali lile aliingia nalo, na halikutoka tena.

Kweli globu zilikuwa zinaungua. Kirikuu kile cheupe, kigari chake kidogo cha mizigo, kilikuwa kinakwenda mwaloni Nkome, wanakoshushia samaki ziwani, kuchukua dagaa na kuwaleta sokoni Katoro, na mara nyingi kinarudi giza limeshaingia. Ukiweka globu leo, wiki haiishi vizuri, taa ya kulia imekufa. Unaweka nyingine, nayo inakwenda palepale.

Na Mama Amira alikuwa na sababu ya kuogopa taa. Mume wake, marehemu Abdulshakur, alikufa kwenye njia hiyohiyo, akiendesha gari la watu lenye taa moja. Tela lilikuwa limeharibika, limeachwa katikati ya barabara bila hata tawi la mti la kuonya watu. Aliingia chini yake. Alipotoka eda, mjane aliuza kiwanja akanunua kirikuu, akamtafuta dereva, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa hili: "Masalu mwanangu, ukose vyote, taa usikose."

Masalu alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Alitoka kwao Ushetu akiwa amechoka na tumbaku. Si msemaji. Alimwita mama yule mayu, kama anavyomwita mama yake mzazi, na kila alipofika salama alipita kwanza kwake kusema, "Mayu, nimefika," ndipo aende kushusha mzigo.

Kwa hofu yake, Mama Amira hakumwachia mtu kazi ya kununua globu. Alikwenda dukani mwenyewe, akachagua zile nzuri, akazileta chumbani. Akishaswali alasiri, huwa anafungua kiboksi juu ya mswala, anaisomea globu Ayatul Kursiyu, halafu anachovya kidole cha mkono wa kulia kwenye chupa ya mafuta ya zeituni aliyosomewa na shekhe. Anakipaka kioo taratibu, chote, kukizunguka, kama alivyokuwa akimpaka Amira kwenye paji la uso alipokuwa mdogo ana homa. Anairudisha kwenye kiboksi. Masalu akija anampa. "Shika baba. Kaifunge. Mungu atakuonyesha njia."

Hakuna aliyejua habari hiyo ya mafuta. Si kwamba aliificha. Aliona ni jambo lake na Mola wake.

Sasa taa ya kushoto ilikuwa na habari nyingine. Siku moja ilimzimikia Masalu akiwa Nzera, akanunua globu kwenye kibanda cha spea za pikipiki na magari, akaifunga mwenyewe palepale, ameishika kwenye chuma chake. Hiyo ikawa inawaka tu, miezi na miezi, globu ya kibandani isiyo na jina.

"Ya kwake inawaka, za kwako zinakufa," Chausiku alisema. "Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la nne naiweza. Anauza zako mpya, anakuwekea vibovu. Mtu ana watoto, shoga yangu."

"Masalu simwoni mtu wa hivyo."

"Wewe huwa humwoni nani? Wewe unaangalia kibla tu."

Mama Amira si mtu wa kuropoka. Ni mtu wa kutazama. Globu iliyofuata, kabla hajaipaka mafuta, alichukua msumari akaikwaruza alama ndogo kwenye chuma cha chini. Ilipokufa alimwambia Masalu amletee. Akaigeuza dirishani penye mwanga. Alama ilikuwepo. Ni yake ileile. Hajabadilisha kitu mtu yule.

Alitubu kwa dhana yake mbaya. Lakini kwa Chausiku hakwenda kusema kwamba alama ameiona, na Chausiku alikuwa ameshauza maneno pamoja na vitumbua. Kijiweni madereva na wachimbaji wa dhahabu walikuwa wameanza: "Mzee wa Globu huyo! Ndugu yangu, nipatie moja nishuke nayo duarani, mashimo yetu yana giza!" Na waliokuwa wanakunywa chai hapo wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Masalu alicheka nao. Alidhani ni utani wa gari bovu.

Basi Mama Amira akaona gari liende kwa fundi, na akaenda nalo mwenyewe. Donatus ni fundi wa umeme wa magari, ana karakana yake nyuma ya stendi. Mtu mnene, anaongea huku anafanya.

"Shikamoo mama. Usikae juani, mama, kaa hapo kwenye tairi. Masalu, washa gari. Kanyaga mafuta. Kanyaga bwana, unaogopa kuliamsha?"

Akaweka mita yake kwenye betri akasoma. "Chaji haizidi. Ingezidi ningesema ndiyo inayochoma globu, lakini ingechoma zote mbili." Akafuata nyaya kwa vidole mpaka nyuma ya taa, akazitingisha, akakuna kutu pale waya unapofungwa kwenye bodi. "Ethi nzuri, waya huu wa bodi umeshika. Soketi haijaungua. Ndani ya taa hakuna maji." Akaitingisha taa yenyewe. "Haichezi. Kwa hiyo si mashimo ya barabara. Niletee hizo zilizokufa."

Masalu alizitoa kwenye mfuko. Donatus aliinua moja juani, akafunga jicho moja.

"Ahaa. Mnaona? Kioo kimevimba hapa, kina doa jeupe. Na hii hivyohivyo. Hii imepasuka kabisa. Globu hizi hazitaki kushikwa kiooni. Zinawaka kwa moto mkali sana. Ukizishika na mkono wenye mafuta, pale penye mafuta panapata moto kuliko pengine, kioo kinavimba, basi, imekwisha." Akamgeukia Masalu. "Wewe unashinda na dagaa. Mikono yako ile ndiyo unafungia globu?"

Masalu aliitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Itakuwa ni mimi," alisema. "Sikujua. Nisamehe, mayu. Ulivyokuwa unajinyima ununue nzuri, kumbe mimi ndiye naziua."

Mama Amira alikuwa amekaa kwenye tairi. Ile chupa ya zeituni ilikuwa kwenye pochi yake, maana siku hizo alitembea nayo. Alihisi kidole chake cha kulia kama vile bado kinateleza. Kila kitu kilimwelea kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Na aliwaza: kama ni mikono ya Masalu, mbona ya kushoto inawaka, aliyoifunga kwa mikono hiyohiyo? Alisubiri Donatus aulize. Alisubiri Masalu aulize. Hakuna aliyeuliza.

Angesema pale. Neno moja tu lilihitajika. Lakini aliona aibu: aibu ya kuonekana mama mtu mzima anayezipaka globu mafuta kama watoto, na watu waseme dini yake ndiyo inayozima taa. Na aibu nyingine ilikuwa nyuma ya hiyo, kubwa zaidi: mkono uliotaka kumlinda Masalu ndio uliokuwa unamzimia taa. Akasema, "Haidhuru, baba. Mungu mkubwa." Akainuka akajikung'uta kanga.

Tangu siku hiyo hakupaka tena. Globu alizisomea zikiwa ndani ya kiboksi, hakugusa kitu. Na Masalu naye alifanya kila alichoambiwa. Alinunua sabuni ya unga ya kwake, akawa anaosha mikono mpaka kwenye viwiko, kisha anajisugua kwa petroli, kisha sabuni tena. Kitambaa cheupe alikitunza kwenye mfuko wa shati, na globu aliishika kwa kitambaa kama anashika yai.

Taa ya kulia ikawaka. Ikawaka mwezi, ikawaka wa pili.

"Umeona sasa?" Chausiku alisema. "Alikuwa ni yeye! Sikusema mimi? Kama hakuwa anauza, basi alikuwa anaharibu. Siku aliyobanwa tu, globu zikapona."

Hapo ndipo ibada ilipomuwia ngumu Mama Amira. Kila alipoinua mikono kuomba, alikiona kile kidole. Alijua Mungu hana kosa katika jambo hili, wala dua haina kosa, wala zeituni haina kosa. Kidole kilikosea kwa kutojua, na hilo husamehewa. Lakini ulimi ulijua ukanyamaza, na kila siku taa ile inayowaka ilikuwa inamsingizia mtu. Alimtengea Masalu chakula kizuri. Alimpelekea mke wake kitenge. Masalu alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja, mayu. Mtu mwingine angeshanifukuza."

Alhamisi moja jioni, jua bado lipo, alikuja Fikirini, mfanyabiashara wa dagaa anayepeleka mzigo Kahama na Shinyanga. Masalu alikuwa anafagia magamba nyuma ya kirikuu. Chausiku, aliyeona shati la Fikirini limepigwa pasi, alikuwa ameshatoka kwake na kukaa kwenye mkeka wa Mama Amira bila kuitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Sikai sana. Mama, nina Fuso jipya, na nimemtamani dereva wako. Sitaki kumuiba, nimekuja kuomba. Ila kijiweni wananiambia ana mikono mibaya na mali ya watu. Nikasema nimuulize tajiri wake mwenyewe."

"Fuso lina taa ngapi vile?" Chausiku aliuliza, akacheka. "Maana huyu zile mbili tu za mjane zilimshinda."

Masalu aliacha ufagio. Alisogea, akainyoosha mikono yake mbele ya Fikirini. Ilikuwa imechubuka, ngozi imetoka vipande katikati ya vidole, pekundu pale sabuni na petroli vilipokula.

"Bosi, ni kweli nilikosea," alisema. "Nilikuwa nashika globu na mafuta ya dagaa. Sasa nimejifunza. Muulize mayu, haijaungua tena hata moja."

Wote wakamgeukia Mama Amira.

Aliinuka akaingia ndani. Walidhani amefuata chai. Alirudi na chupa ya zeituni na kiboksi kimoja cha globu, cha zamani, ambacho hakuwahi kukitoa. Akaitoa globu, akaielekeza juani. Kioo kiling'aa kwa mafuta, na alama ya kidole ilionekana wazi juu yake.

"Si mikono ya Masalu," alisema. "Ni yangu. Nilikuwa nazisomea na kuzipaka mafuta haya kabla sijampa. Nilitaka asife kama baba Amira. Ya kushoto aliifunga yeye, kwa mikono ya dagaa hiyohiyo, na ipo mpaka leo. Wala hakuuza kitu. Niliweka alama nikaikuta. Chausiku, hilo nilikuficha."

"Basi hukujua, mama," Fikirini alisema kwa upole. "Nani angejua?"

"Nilijua. Nilijua siku ileile kwa Donatus, alipokuwa bado ameishika globu."

Masalu alikuwa hajateremsha mikono yake. "Siku ileile, mayu?"

"Siku ileile, baba. Nikakuacha uombe radhi."

Fikirini alikohoa. Aliangalia kirikuu, akaangalia viatu vyake. "Mimi la kwangu limekwisha," alisema. "Masalu, Jumamosi njoo ulione gari."

"Nitakuja, bosi."

Kisha Masalu alimgeukia Mama Amira, aliyekuwa ameshaketi mkekani na chupa kando yake; mama akasubiri, mikono ameiweka juu ya magoti, chochote kitakachokuja akipokee. Masalu alitoa ufunguo wa kirikuu mfukoni. Akatoa na kitambaa cheupe, akaufuta ufunguo kwa mazoea, pande zote mbili, akauweka juu ya mkeka kando ya chupa, na kitambaa juu yake. Akapita katikati yao, akafungua geti la bati, akatoka.