Shikamoo ya Bi Munira

"Hivi Tatu, bibi wa miaka themanini unamtafutia intaneti ya nini? Au anataka kuposwa?"

Ndivyo alivyouliza Filomena, jirani yao pale Kilole, Korogwe, huku akipeta mchele. Tatu alicheka kidogo.

Mama mkwe wake, Bi Rukaya, alibakiwa na mdogo wake mmoja tu duniani, Bi Munira wa Handeni. Tangu Munira apatwe na kiharusi, maneno yake huja kwa kuchelewa, kama mgeni anayepumzika kila kivuli. Nyonga za Bi Rukaya haziwezi tena safari ya basi, kwa hiyo Tatu humpigia Munira simu ya picha. Mkubwa hukaa mbele ya simu akingojea aamkiwe, maana mdogo ndiye huanza. Shikamoo haijafika, bando limekwisha.

"Amenikasirikia kwa kuwa siendi kumwona," Bi Rukaya alisema, akasukuma sahani. Siku ya nne sasa alikuwa akiisukuma hivyo. Tatu, aliyemzika mume wake kutoka nyumba hiyohiyo, aliijua huzuni ya namna ile, na aliiogopa.

Ijumaa baada ya adhuhuri akaenda duka la simu, mjini Korogwe.

"Shikamoo mama," alisema Salimu, mwenye duka. "Nyaya za intaneti hazijafika mtaa wenu. Dishi la setilaiti lipo, ila utauza ng'ombe."

"Ng'ombe sina. Endelea."

"Basi ruta, kile kiboksi cha laini ya simu, unalipia kwa mwezi. Kifurushi cha chini watu hawakipendi. Ukitumia sana, kasi inashuka."

"Inakatika?"

"Haikatiki. Inakuwa polepole tu."

"Nipe hicho. Tunayemngojea naye ni wa polepole."

Hakutoa pesa hapo. Alimtaka Salimu aje kwanza na kifaa chake, wakakizungusha nyumba nzima, mpaka dirishani kwa Bi Rukaya taa zake zikawaka zote. Ndipo Tatu akalipa. Alipokifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio, Salimu alipiga kelele: "Mama, kitapata joto hicho!"

Kule Handeni mtandao ulikuwapo tayari, dukani kwa Muhsin, mtoto wa Bi Munira. Tatu alipopiga, Muhsin akaegemeza simu yake kwenye chupa ya chai mbele ya mama yake, akaenda kwenye shughuli zake.

Hakuna aliyekata. Handeni ikaingia Kilole taratibu, kama harufu ya mvua. Njuga za ng'ombe zilipita chumbani, upepo wa huko ukapuliza masikioni huku pazia la hapa limetulia. Adhana ikasikika mara mbili, ya hapa na ya kule, moja ikiifuata nyingine. Picha iliganda, ikayeyuka, ikaganda tena. Bi Rukaya alisinzia, akaamka, mdogo wake yupo bado.

"Muhsin! Kuku wanaingia ndani!" Bi Rukaya alifoka akiwa Korogwe, na kuku wa Handeni wakatimka.

Siku ya tatu, alasiri, Filomena akaja kukaa mkekani.

"Bado hamjaamkiwa? Mngetuma barua ingeshafika."

Bi Rukaya hakumsikia. Alikuwa akiutazama mdomo wa Munira. Zamani bando lilimwonyesha mdomo uliofungwa. Sasa, kwa siku tatu, alikuwa ameuona ukifunguka, ukitetemeka, ukikusanya pumzi, jasho likimtoka mdogo wake kwenye paji la uso, kisha ukifungika bila kitu. Tena. Na tena.

"Tatu," alisema taratibu, "huyu hajaninyima shikamoo. Anaitafuta."

"Naona, mama."

Bi Rukaya akajivuta mpaka karibu na simu, akatengeneza ushungi wake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Munira."

Mkono wa Filomena ukaganda shavuni. Mkubwa kumwamkia mdogo! Kule Handeni njuga zilipita, zikaisha. Macho ya Bi Munira yakafunguka makubwa, mabega yakaanza kutikisika, na kabla mtu hajajua ni kilio au ni nini, sauti ikatoka nzima, ya kisichana, yenye kicheko ndani yake:

"Marahaba!"

Bi Rukaya akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Mtovu wa adabu wewe! Umeipokea!" Kisha akanyoosha mkono kuitafuta sahani yake ya wali.

Tatu akamsogezea, midomo yake ikimshukuru Mungu bila sauti. Filomena akainuka, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akarudi kwake.