Tundu la Ukuta wa Kaskazini

Generoza alikuwa amebakiza vikombe kumi na kimoja pale ukuta wa jikoni ulipofunguka. Ilikuwa Jumapili ya pili ya Kwaresima, mwaka 2015, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mjini Buffalo, Marekani. Tundu lilitokea juu ya sinki, limepita mshazari ndani ya mawe, upana wake kama kisahani cha chai. Generoza alichungulia, akaona ndani ya kanisa, akaona na birika la ubatizo. Kisha akamalizia vikombe, maana maji yalikuwa yanapoa.

Kanisa lile lilijengwa Uingereza miaka mia saba iliyopita. Tajiri mmoja wa Buffalo alilipenda, akalibomoa jiwe baada ya jiwe, akayaandika mawe namba, akayavusha bahari, akalijenga upya. Jamani, mtu akitaka kitu! Ukumbi wa matofali wenye jiko uliongezwa baadaye, ukaegemezwa kwenye ukuta wa kaskazini. Wazungu kumi na wanane walisali kanisani saa nne asubuhi. Warundi mia moja na arobaini walisali ukumbini saa nane mchana, wamebanana. Hakuna aliyewachukia. Ila kulikuwa na kamati ya urithi, kamati ilikuwa na kifaa cha kupima unyevu, na kifaa kilisema pumzi za watu wengi zinakula mawe. Mwenyekiti wake, Bi Whitcomb, aliwaeleza jambo hilo kwa upole kila mwaka, na kila mwaka alileta keki.

Generoza alitaka kitu kimoja tu: binti yake Fides, mwenye miezi saba, abatizwe kwenye birika lile la jiwe. Yeye mwenyewe alibatizwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, kwa beseni la kufulia. Mama yake, Kampire, aliyeishi Louisville kwa mwanawe wa kiume, alikuwa ameshatoa msimamo kwenye simu.

"Mwanangu, beseni tulishalimaliza. Nikipanda basi kuja huko, nataka kuona jiwe."

Generoza aliomba mara tatu. Mara tatu alipewa keki. Ilimuuma, tena sana, wala hakuficha.

Mumewe, Sipriani, alikuwa fundi mwashi kambini. Sasa alipanga maboksi kwenye ghala moja Cheektowaga. Alipitisha mkono tunduni, akapapasa kingo.

"Kazi safi," alisema. "Lakini vumbi liko wapi? Fundi gani huyu?"

"Labda amefagia."

"Fundi afagie? Mama Fides, acha utani."

Bi Whitcomb alimwita mtaalamu wa makanisa ya kale kutoka Columbus. Alikuja Jumanne na tochi. Alisema tundu lina umri sawa na ukuta. Zamani, alieleza, wenye ukoma hawakuruhusiwa kuingia kanisani, kwa hiyo ukuta ulitobolewa ili waione madhabahu wakiwa nje. Kwenye michoro halikuwemo, lakini kuta za namna hiyo, alisema, hurudia kazi yake panapohitajika. Akaandika hivyo kwenye fomu. Kamati ilifurahi mno.

"Na wale waliopona, waliingia?" Generoza alimwuliza.

"Vitabu havisemi," alijibu mtaalamu, akazima tochi.

Kila Jumapili tundu liliongezeka upana wa vidole vinne. Jumapili ya Matawi Generoza alilipima kwa tikiti maji, likapita bila kugusa. Sipriani alinuna kidogo, kwa sababu tikiti lilidondoka upande wa pili, na upande wa pili hakuruhusiwa kulifuata.

Kule Mtabila, siku ya ubatizo kanisa lilikuwa linafurika hadi nje. Akina mama waliokosa nafasi walipitisha watoto dirishani, na watoto wakaenda mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya watu, mpaka mbele kwa mchungaji, wakarudi vilevile, wamelowa na wanalia. Mmoja tu aliwahi kurudishwa kwa mama asiye wake, na kabla ya chakula kosa lilikuwa limerekebishwa. Kwa hiyo Generoza hakuhitaji kitabu. Alipiga simu Louisville.

"Mama, panda basi."

Siku ya Pasaka, ibada ya saa nne, kasisi alisimama kando ya birika. Kwa miaka kumi na miwili hapakuwa na mtoto wa kubatizwa, lakini swali lilikuwamo kitabuni, naye alilisoma kila Pasaka.

"Nani anamleta mtoto huyu?"

"Mimi, mama yake," alisema Generoza kutoka ukutani, akampitisha Fides.

Bi Whitcomb, aliyekaa karibu, alinyoosha mikono akampokea. Kasisi akambatiza. Kampire alikuwa amepanda juu ya kreti ya soda, kichwa tunduni, na alipiga vigelegele mpaka kifaa cha unyevu kikalia.

"Sasa nimeona jiwe," alisema akishuka, akaomba chai. Fides alirudishwa akiwa amelowa.

Barua ya kamati ilifika Alhamisi. Sipriani aliisoma kwa sauti. Kifaa kilikuwa kimepima pumzi ya mtoto na sindano haikusogea. Kwa hiyo jina lake limeandikwa kuwa muumini wa kumi na tisa, na anakaribishwa kanisani kila Jumapili saa nne. Wazazi wake na wenzao wataendelea kusali ukumbini saa nane. Familia inaombwa isiegemee kingo za tundu.

"Yaani mtoto ndani, sisi jikoni?"

"Soma tena, Baba Fides."

Alisoma tena. Ilikuwa vilevile.

"Haya," Kampire alimwambia Generoza, "utafanya nini?"

"Nitampeleka. Kanisa ni lake."

Jumapili iliyofuata, saa nne kasoro kumi, Generoza alimnywesha Fides uji, akamvalisha gauni, akampitisha ukutani. Fides alilia mikononi mwa Bi Whitcomb mpaka alipouona uso wa mama yake kwenye tundu, akanyamaza. Ibada ilichukua saa moja na dakika kumi. Generoza alisimama muda wote, bila kuegemea.