Tikiti Nyuma ya Nyumba

Joto la mwaka ule lilipoanza, mshonaji alikuwa ameshajua kupima maji kwa jicho tu: kikombe hiki nusu, kile robo, bila kukosea. Figo za mumewe zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki mume alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na siku zilizobaki alishinda kibandani kwake akinyoa watu huku amekaa, maana miguu haikumbeba tena kama zamani. Muuguzi alikuwa amewaambia bila kuzungukazunguka: nusu lita kwa siku, na humo hesabu chai, hesabu uji, hesabu mchuzi. Matunda ndiyo kabisa. Tikiti, machungwa, ndizi, vitu ambavyo wenzake wote huhimizwa wale ili wapate afya, kwake yeye vingeweza kumsimamisha moyo.

Na huyo kinyozi ndiye aliyekuwa mwenye msimu wa joto pale nyumbani. Shule zikifungwa tu, Jumamosi ya kwanza alikuwa anafunga kibanda, anarudi na tikiti maji begani kama amebeba mtoto aliyelala. Anajaza beseni uani, anafungua mpira wa maji, na hapo hakuna aliyepona, hata mgeni aliyekuja kuchukua nguo yake kwa mshonaji. Siku mbili kabla alikuwa ameshakamua machungwa na pasheni, akamimina juisi kwenye vikombe vidogo vya plastiki, akachomeka vijiti na kugandisha. Mchezo wa kutema mbegu za tikiti mpaka ukutani alikuwa akishinda yeye kila mwaka, na kila mwaka wanawe wawili walimshtaki kwa mama yao kwamba anasogeza mguu mbele.

Mwaka ule mshonaji aliyafuta yote hayo bila kutangaza. Tikiti halikuingia mlangoni. Kwenye friza ilibaki trei moja tu ya barafu, na hiyo ilikuwa ya mume, kipande kimoja kimoja cha kumung'unya koo likikauka. Binti mkubwa, aliyeitwa Dada na nyumba nzima, alikuwa na miaka kumi na minne na hakuhitaji kuelezwa. Mdogo wake wa miaka sita alielezwa mara tatu. Huyo walimwita Kasuku, kwa sababu neno likiingia sikioni mwake lilikuwa limeshatokea mdomoni. Wakawa wanakunywa maji jikoni wakiwa wamegeukia ukuta. Mshonaji mwenyewe alikuwa anakunywa bafuni, kwa kiganja, bomba likiwa limefunguliwa kidogo lisisikike.

Siku moja, jua limesimama utosini na cherehani imekuwa ya moto hata kuishika, Kasuku alikuja akaegemea goti la mama yake.

"Mama, joto letu linakuja lini?"

"Si hili hapa? Hulisikii?"

"Hili si letu. Letu lile la baba."

Mshonaji aliachia pedeli. Ilikuwa siku ya mashine, na mume alikuwa harudi kabla ya saa kumi. Akavaa ndala, akaenda sokoni, akarudi na tikiti ndani ya mfuko mweusi.

"Tunakula upesi," aliwaambia. "Nyuma ya nyumba. Tukimaliza tunafagia, maganda nayatupa mbali mwenyewe. Na wewe Kasuku, hujaona kitu."

Walikula wamesimama, bila sahani, kama wezi. Kisha Dada akatema mbegu, ikaenda ikanasa katikati ya paji la uso wa mama yake. Wakatazamana. Kicheko kilipowatoka kilikuwa cha miezi mizima. Mshonaji alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtoka, juisi ikimchirizika mpaka kiwikoni.

Alipoinua uso, mumewe alikuwa amesimama pembeni ya nyumba na mfuko wake wa hospitali. Maji yalikuwa yamekatika kule, mashine hazifanyi kazi, wagonjwa wakaambiwa warudi kesho.

"Baba!" Kasuku aliwahi kusema, kidevu mpaka tumbo vyote vyekundu. "Hatujala tikiti!"

"Naona," alisema baba yake, akaingia ndani.

Mshonaji alimfuata, mikono inanata. Alimkuta amekaa kitandani, viatu havijavuliwa.

"Nisamehe, baba watoto. Ni leo tu. Naapa."

"Na maji mnanywea wapi?"

"Maji gani?"

"Tangu joto lianze sijaona mtu wa nyumba hii akinywa maji. Au na nyinyi mmeandikiwa nusu lita?"

Akashindwa kudanganya. "Watoto jikoni. Mimi bafuni."

"Bafuni," alirudia mume polepole. "Nikiingia mnanyamaza, nikitoka mnacheka. Mke wangu, nyumba inakaa hivyo mtu akishazikwa. Mimi bado nipo."

Mshonaji aliketi sakafuni, akalia huku amejiziba mdomo kwa kanga watoto wasisikie. Alikuwa amedhani anamkinga. Hakujua kwamba kwa muda wote ule alikuwa akimtoa nyumbani kwake kidogo kidogo.

"Jumamosi nafunga kibanda," mume alisema.

Na kweli alifunga. Hakuweza kubeba kitu begani, kwa hiyo tikiti lilibebwa na Dada. Kinyozi aliketi kwenye kiti kirefu uani, tikiti juu ya meza mbele yake. Mkono wa kushoto, ule wa kuchomwa sindano za mashine, ulikuwa umevimba mishipa kama kamba. Akakata kwa wa kulia, vipande vinene, vya ukarimu. Mshonaji na Kasuku walichukua. Dada aliweka mikono nyuma.

"Mimi sili."

"Kwa nini, mama?" baba yake aliuliza.

"Sitaki tu. Tumbo linauma."

"Tumbo lako nalijua. Njoo hapa." Dada akasogea, macho chini. "Sikiliza. Mimi siwezi kula. Hilo limekwisha, tumeshalilia. Lakini kuwaona mnakula hakuna daktari aliyenikataza. Na wewe unataka kuninyima hata hicho?"

Dada alikula. Alikula huku analia, kamasi na juisi vinachanganyika, na baba yake akamwelekezea mpira wa maji usoni, akamwambia anawe, anatia aibu. Hapo Dada akapiga kelele, Kasuku akaruka ndani ya beseni, na uani kukawa tope tupu.

Mshonaji aliona kitu ambacho watoto hawakukiona. Kila mmoja wao alipouma, koo la mumewe lilicheza, likipanda na kushuka, likimeza pasipo na kitu.

"Tamu?" aliuliza.

"Tamu," mkewe alijibu.

"Niambie vizuri. Tamu vipi?"

Mshonaji aliuma tena kipande chake, akitafuta neno. Kasuku ndiye aliyemwokoa. "Kama sukari iliyolala kwenye friji, baba."

"Enhee! Huyo ndiye anajua kusema." Kisha akaomba kipande chake cha barafu, akakimung'unya taratibu, macho ameyafumba, maji yakimpiga miguuni.

Baadaye, mkewe akimkausha miguu kwa taulo, mume alisema, "Nilijua itaniuma. Sikujua itauma hivi."

"Basi tusirudie."

"Tutarudia."

Walirudia Jumamosi mbili. Ya nne ilimkuta amelazwa. Alifariki Alhamisi asubuhi akiwa kwenye mashine. Muuguzi alidhani amesinzia. Mshonaji alikuwa anampima mteja mabega alipopigiwa simu. Alimalizia kupima, akaandika namba kwenye daftari, ndipo akafunika cherehani. Shule hazikuwa zimefunguliwa.

Siku ya tatu baada ya maziko, ndugu walikuwa wamejaa sebuleni. Kasuku alikuwa amekaa mapajani mwa shangazi yake, dada wa marehemu, aliyemhudumia kaka yake hospitali na kuyajua masharti yote kwa moyo.

"Baba alitukatia tikiti," Kasuku alimweleza. "Na yeye akala. Vipande viwili!"

Shangazi aliacha kumbembeleza. Akageuza macho, akamtazama wifi yake, na macho hayo yalikuwa yanauliza jambo zito.

Mshonaji alijua kwamba sentensi moja tu ingetosha kumwondolea lawama. Dada naye alikuwa ameshafungua mdomo: "Si kweli, shangazi, baba haku..." Mama yake alimtazama, akatikisa kichwa.

"Alisema tamu?" mshonaji alimuuliza Kasuku.

"Alisema tamu sana! Akaomba tena." Mtoto alihesabu kwa vidole. "Vilikuwa vitatu."

Shangazi alinyanyuka akatoka nje bila kuaga. Mshonaji alimwacha aende, akamvuta Kasuku karibu, akamwambia aendelee kumlisha baba yake.